"Vumilia" si dawa ya maumivu ya kinena

Lipo neno moja ambalo mwanamke wa nchi hii hulisikia tangu akiwa msichana wa shule hadi awapo ajuza mwenye wajukuu. Neno hilo ni "vumilia". Akiumwa na tumbo siku za hedhi, mama yake humwambia avumilie kwa kuwa hata yeye alivumilia. Akiolewa na kuonewa, mashangazi humwambia avumilie, kwani ndoa ndivyo ilivyo. Na akifika zahanati kulalamikia maumivu ya kinena yaliyomkaa miezi na miaka, hupewa vidonge vya kutuliza maumivu, asipopona, huambiwa jambo lile lile kwa upole au kwa ukali: "Hakuna ugonjwa tuliouona, mama. Jaribu kuvumilia."

Huko Mai Mahiu, katika Kaunti ya Nakuru, neno hili liligeuka hata likawa jina la makazi. Baadhi ya watu waliofukuzwa makwao katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walikwenda kutua katika uwanda huo ulio karibu na Mlima Longonot, na kambi yao mojawapo ikaitwa Vumilia Eldoret. Siwalaumu hata kidogo waliolichagua jina hilo. Mtu aliyeiona nyumba yake ikiteketea hana budi kujipa moyo. Lakini mwili nao una namna yake ya kuvumilia, na uvumilivu wa mwili una gharama. Gharama hiyo, kwa wanawake wengi, hulipwa kinenani. Hili ndilo ninalotaka kulizungumza leo, hasa na walimu na wanafunzi.

Kinena ni ile sehemu ya chini ya tumbo, chini ya kitovu, palipo na mji wa mimba, kibofu na sehemu ya mwisho ya matumbo. Madaktari wengi husema mwanamke ana maumivu sugu ya sehemu hiyo iwapo yamemkaa kwa miezi 6 au zaidi, yawe ya kila siku au ya kuja na kwenda. Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Waswahili wa Pwani wanalo neno chango, walitumialo kwa maumivu ya tumbo ya wanawake, hasa yale yanayohusishwa na hedhi na uzazi.

Sababu za maumivu haya ni nyingi. Yako maambukizi ya viungo vya uzazi, aghalabu yale yatokanayo na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa ipasavyo. Uko uvimbe wa mji wa mimba. Uko ugonjwa wa endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji huo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu humpata takriban mwanamke 1 kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Yako pia maradhi ya kibofu, ya matumbo na ya misuli. Hata hivyo, wako wanawake wengi wanaopimwa, wakapigwa picha, hata wakapasuliwa, kisha kisionekane kitu cha kuyaeleza maumivu yao yote.

Ni hapa ambapo dhiki ya moyo huingia. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu mambo yanayoandamana na maumivu sugu ya kinena. Pamoja na maambukizi na upasuaji wa kujifungua, yalitajwa wasiwasi, huzuni ya kupindukia, na historia ya kudhulumiwa. Kuandamana si lazima kuwe ni kusababisha, na mwanafunzi yeyote wa sayansi analijua hilo. Huenda dhiki ikaleta maumivu, na huenda maumivu yasiyokwisha yakaleta dhiki. Kwa kweli mara nyingi mambo haya mawili huzunguka na kulishana, hata mgonjwa mwenyewe asijue ni lipi lililotangulia.

Namna jambo hili linavyotokea, mwalimu wa biolojia anaweza kulieleza ubaoni bila taabu. Mtu akitishika, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza tayari kwa kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia. Je, hatari isipopita? Je, ikiwa mume mlevi hurudi kila usiku, au ikiwa kila wingu jeusi juu ya Kijabe humkumbusha mtu usiku ule wa mafuriko?

Ndani ya nyonga ipo misuli iliyotandazwa kama wavu, inayobeba kibofu, mji wa mimba na matumbo. Misuli hiyo nayo hukaza mtu anapoogopa. Ikikaa imekaza kwa miezi, huuma, kama vile taya linavyomuuma mtu anayesaga meno usingizini. Wakazi wa Mai Mahiu hawahitaji maelezo marefu kuhusu hili. Wameyaona malori mangapi yakishuka ukingo wa Bonde la Ufa huku breki zikitoa moshi? Breki zile huenda zilikuwa nzima lilipoondoka lori, ila zimekanyagwa muda mrefu mno.

Jambo la pili hutokea katika mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo pana mfano wa lango ambalo habari za maumivu hupitia, na kwamba ubongo, pamoja na hofu na kumbukumbu zake, unashiriki katika kulifungua au kulifunga lango hilo. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba maumivu yakirudiwarudiwa, mishipa ya fahamu huzidi kuwa myepesi kuyapokea. Mwili huwa kama duka lenye king'ora kibovu: mwanzo kililia alipoingia mwizi, sasa hulia hata akipita paka. Na kwa kuwa kibofu, matumbo na mji wa mimba hutumia njia za fahamu zinazopakana, king'ora cha kiungo kimoja huwaamsha majirani. Ndiyo maana mwanamke aliyeanza kwa maumivu ya hedhi anaweza baadaye kuumwa akienda haja ndogo, au akilala na mumewe, au akibeba tu mtungi wa maji.

Sasa turudi Mai Mahiu. Jina hilo kwa Kikikuyu maana yake ni maji moto, na ni kana kwamba maji yameuandama mji huu. Januari 2005 watu waliuana katika eneo hilo kwa sababu ya ugomvi wa maji ya Mto Ewaso Kedong. Miaka mitatu baadaye wakaja wale wakimbizi wa ndani, ambao baadhi yao walikuwa wanawake waliotendewa unyama ambao Tume ya Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, iliutengea sura nzima. Kisha, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe yalipasua njia, yakateremka na matope, mawe na miti, yakakisomba kijiji cha Kamuchiri na nyumba nyingine zilizokuwa njiani. Watu zaidi ya 45 walikufa. Wengine walitafutwa matopeni kwa siku nyingi.

Tuchukue mfano wa mama auzaye mahindi ya kuchoma kando ya barabara, pale malori yanapoegeshwa. Usiku ule alinusurika kwa kushikilia mti. Jirani yake hakunusurika. Alipewa blanketi, unga na pole. Washauri nasaha walikuja, nao walifanya kazi njema, lakini walikuwa na watu wengi wa kuwahudumia na siku chache za kukaa. Mama huyo alijikaza, akajenga tena jiko lake. Baada ya mwaka mmoja kinena kikaanza kumuuma. Akienda kutibiwa, ataulizwa kuhusu hedhi na mimba, na ni haki aulizwe. Lakini nani atamuuliza kuhusu usiku ule? Na yeye mwenyewe atawezaje kujua kwamba mambo hayo mawili huenda yana uhusiano? Akilini mwake, mafuriko ni habari ya mwaka jana, na tumbo ni habari ya leo.

Sisemi kwamba kila mwanamke wa Mai Mahiu aumwaye kinena anaumwa kwa sababu ya mafuriko au ya vita. Nasema kwamba penye msiba mkubwa, swali kuhusu msiba huo ni sehemu ya uchunguzi, kama kilivyo kipimo cha mkojo.

Najua kuna watakaonipinga, na pingamizi lao la kwanza ni zito. Watasema: ukishawaambia wahudumu wa afya kwamba dhiki huleta maumivu ya kinena, umewapa kisingizio. Kila mwanamke atakayelalamika ataambiwa kwamba ni mawazo tu, arudi nyumbani akapumzike. Hofu hii ina msingi. Kwa karne nyingi tiba ya Ulaya iliwahukumu wanawake hivyo hivyo. Neno histeria latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mji wa mimba, na chini ya jina hilo wanawake wenye maradhi ya kila namna waliitwa waongo au wendawazimu. Waganga wa akili wa Marekani hawakuliondoa neno hilo katika mwongozo wao wa maradhi hadi mwaka 1980.

Nasi tunao mfano wetu wa karibu. Marehemu Njambi Koikai, mtangazaji aliyependwa na wengi, alianza kuteseka tangu hedhi yake ya kwanza akiwa na miaka 13. Miaka mingi ilipita kabla ya ugonjwa wake kutambuliwa vizuri kuwa ni endometriosisi, nao ulikuwa umefika hadi kifuani. Alipasuliwa mara nyingi, akatibiwa hadi Marekani, na muda wote huo akautumia umaarufu wake kuwazindua Wakenya kuhusu ugonjwa huo. Aliaga dunia tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka 38. Asiyejifunza kwa maisha ya mwanamke huyu hatajifunza kwa lolote: maumivu yake hayakuwa mawazo.

Kwa hiyo nasema wazi, ili nisinukuliwe visivyo. Maumivu yanayochochewa na dhiki ni maumivu ya kweli. Misuli iliyokaza ni misuli ya kweli. Mishipa ya fahamu iliyochachamaa ni mishipa ya kweli. Hakuna aumwaye "kichwani tu", isipokuwa mwenye kuumwa na kichwa. Zaidi ya hayo, mwanamke mmoja anaweza kuwa na endometriosisi na pia kuwa na kiwewe, na kila moja likalizidisha lingine. Mhudumu anayesema "ni mawazo" kabla ya kupima amekosa. Anayepima, asione kitu, kisha akanyamaza, naye amekosa. Kosa la wa kwanza ni kuudharau mwili, la wa pili ni kuudharau moyo, na mgonjwa ni yule yule mmoja.

Pingamizi la pili ni la wahudumu wenyewe. Watasema hawana wakati. Muuguzi mmoja ana foleni inayofika langoni. Atakaaje kusikiliza habari za ndoa na mafuriko? Ni kweli, na wenye kulaumiwa hapa ni wapangaji wa bajeti kuliko muuguzi. Lakini tufanye hesabu. Mwanamke ambaye hakusikilizwa hurudi. Hurudi mara ya pili na ya tatu, hupewa dawa za kuua vijidudu ambazo hakuzihitaji, hutumwa kupigwa picha kwa pesa za kukopa, na pengine huishia kupasuliwa. Dakika 10 za maswali ya faragha siku ya kwanza zingeokoa saa nyingi. Swali lenyewe si gumu: "Maumivu haya yalianza lini, na wakati huo maisha yako yalikuwaje?"

Wala tusidhani kwamba kuutibu mwili na moyo kwa pamoja ni anasa ya nchi tajiri. Katika Bukavu, mashariki ya Kongo, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imewahudumia maelfu ya wanawake walioumizwa vitani. Daktari huyo, aliyetunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2018, aliona mapema kwamba kushona jeraha peke yake hakutoshi. Hospitalini humo daktari wa upasuaji hufanya kazi bega kwa bega na mshauri wa kisaikolojia, na mgonjwa husaidiwa pia kupata haki mahakamani na njia ya kujikimu. Ikiwa jambo hilo limewezekana Bukavu, katikati ya vita, litashindikanaje Naivasha au Nakuru? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwa ni pamoja na afya ya uzazi.

Pingamizi la tatu latoka kwa wazee, nalo ni la haya. Mambo ya kinena, wanasema, hayazungumzwi mbele ya watu, sembuse mbele ya watoto wa shule. Naiheshimu haya, kwani ni pambo la utu. Lakini wahenga hao hao ndio waliosema kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Haya haikukusudiwa kamwe kuwa kifungo cha mgonjwa.

Nimalizie kwa walimu, kwa sababu kwa wasichana wengi mtu mzima wa kwanza kuyasikia maumivu haya ni mwalimu wa zamu au matroni wa bweni. Sote tunaijua hali ilivyo. Msichana hujikunja dawatini, huomba ruhusa kwenda chumba cha wagonjwa, na mwalimu huuliza: "Wewe tena? Juzi si ulikuwa unaumwa?" Darasa hucheka. Tangu siku hiyo msichana yule hataomba ruhusa tena. Atavumilia. Atajifunza kwamba mwili wake ni aibu na kwamba ukweli wake ni uongo, na hofu ya kuchekwa itakuwa kamba nyingine ya kumkaza misuli.

Mwalimu si daktari, na haombwi kutibu. Anaombwa mambo machache. Kwanza, amwamini msichana asemapo anaumwa. Pili, amshauri aandike tarehe za maumivu na za hedhi katika daftari, kwani daktari atakayelisoma daftari hilo atapata habari nyingi. Tatu, awaite wazazi na kuwahimiza wampeleke hospitalini iwapo maumivu humzuia kusoma mwezi hadi mwezi. Na asingoje hata saa moja yakiwa ya ghafla na makali, au yakiandamana na homa, kuzirai, mimba au damu isiyo ya kawaida. Nne, amwulize faraghani, bila kumlazimisha, kama lipo jambo linalomtia hofu nyumbani au shuleni. Wakati mwingine nyuma ya tumbo linalouma kila Ijumaa, kabla ya kufunga shule, pana mtu mzima anayemdhulumu mtoto. Mwalimu akiambiwa jambo kama hilo, asilifiche kwa kulinda jina la shule wala la ukoo. Laini ya simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo.

Nanyi wanafunzi, wavulana kwa wasichana, msicheke. Mvulana anayemcheka mwenzake leo ndiye mume wa kesho atakayemwambia mkewe kwamba anajisingizia. Ajifunze sasa kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kuna mambo ambayo hatuna uwezo nayo. Hatuwezi kuyarudisha maji ya Aprili 2024 nyuma ya lile tuta, wala kuzifufua nyumba zilizochomwa mwaka 2008. Lakini tunaweza kuamua jambo tutakalomwambia mwanamke anapokuja kwetu ameshika tumbo. Neno "vumilia" lilikuwa na maana lilipotamkwa na watu waliopoteza kila kitu, wakiambiana wao kwa wao. Likitoka kinywani mwa mtu mwenye uwezo wa kusaidia, akamwambia anayeomba msaada, huwa ni njia tu ya kumfungia mlango. Badala yake tumwambie: "Kaa kitako, nieleze. Nakuamini."